Mkeka Katikati ya Uwanja

Kiwanja cha mpira cha kijijini chini ya Mlima Kasigau hukitambui kwa nyasi, maana hazipo. Unakitambua kwa magoli: miti miwili iliyochimbiwa ardhini, wa tatu umelazwa juu na kufungwa kwa waya, na mbele yake udongo mwekundu umelika kwa miguu ya makipa hadi ukawa kama karai. Mistari huchorwa kwa jivu asubuhi ya mechi, na kufikia kipindi cha pili nusu yake imeshaondoka na soksi za wachezaji. Pembeni kuna mgunga ambao hakuna anayethubutu kuukata, kwa sababu ndio jukwaa. Katikati hamna kitu. Mbuzi hupita hapo, watoto wa shule hupita hapo, na kwa kuwa tuko baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kuna siku ndovu naye huwa amepita usiku, akaacha mashimo ya nyayo yanayomsubiri winga asiyetazama chini.

Sura hii inahusu hapo katikati.

Mpira wa miguu hauulizi sana habari za ardhi. Ikiwa tambarare kiasi, mchezo utachezeka, na mpira ukidunda vibaya watu watacheka na kuendelea. Kriketi haina subira hiyo. Mrushaji hutupa mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa gramu 160 hivi, ili udunde chini kabla ya kumfikia mpigaji, kwa hiyo ardhi yenyewe ni mchezaji. Mchezo wote unategemea kipande kimoja chembamba chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 3. Kijiwe kidogo hapo kinatosha kuupeleka mpira kwenye meno ya mtu. Waingereza hukitengeneza kipande hicho kwa udongo wa mfinyanzi, wakaumwagilia, wakaushindilia kwa rola nzito na kuzikata nyasi zake hadi zibaki milimita chache tu.

Hata hivyo michezo hii miwili ililelewa nyumba moja. Klabu ya soka ya Sheffield ilianzishwa mwaka 1857 na watu wa kriketi waliotaka kitu cha kufanya wakati wa baridi. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA, mwaka 1872, ilichezwa kwenye uwanja wa kriketi wa Oval, London. Uwanja wa Bramall Lane, huko huko Sheffield, ulifunguliwa mwaka 1855 kwa ajili ya kriketi, ukaikaribisha soka mwaka 1862, na wawili hao wakaishi pamoja zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1973 soka ilitaka jukwaa upande wa nne, na kriketi ikafungishwa virago. Mgeni alimtoa mwenye nyumba.

Afrika Mashariki ugomvi huo ulipata dawa yake, nayo ni mkeka. Jua letu na uhaba wa maji haviruhusu kipande cha nyasi cha Kiingereza kuishi kwa urahisi, kwa hiyo viwanja vingi vilishindilia changarawe katikati na kutandika juu yake mkeka mrefu mzito wa usumba, nyuzi zile zile za makumbi ya nazi zinazosokotwa kamba pwani. Mkeka ulivutwa mpaka ukakaza, pembe na kingo zikapigiliwa misumari mirefu, kwa sababu ukilegea kidogo mpira hubadilisha mawazo njiani. Mechi ikiisha, misumari inang'olewa, mkeka unakunjwa kama wa msikitini, unabebwa mabegani hadi stoo. Ardhi inabaki wazi, na kesho yake soka inaingia. Sijawahi kuuona umewekwa katika makumbusho yoyote, na naona ni kosa.

Kriketi ilishuka melini Mombasa pamoja na watu wa reli. Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896, mwaka ambao kazi ya kutandika reli ya Uganda ilikuwa ikianza mjini humo. Reli ilipanda bara kupitia Voi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kila mahali wakubwa walipokaa kwa muda, kiwanja kilifuata. Klabu zilifuata rangi na dini: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Masingasinga kwao, Wagoa kwao. Mwafrika alifika pale akivuta rola au akiokota mipira. Yeye alikuwa na soka, na soka ilikuwa na ushindani wake mkubwa: Kombe la Gossage, baina ya Kenya na Uganda, lilianza mwaka 1926, likiitwa kwa jina la mtengeneza sabuni.

Kasigau haikuwa hata na wakati wa kuchora hicho kiwanja cha jivu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kuihujumu reli, na Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa wamewaonyesha njia. Wakawahamisha wote kwa nguvu hadi upande wa Malindi, ambako wengi walikufa. Desemba mwaka huo Wajerumani wakaushika mlima. Waliosalia hawakurudi nyumbani hadi miaka ya 1930. Mombasa ilikuwa na miaka arobaini ya kriketi wakati watu wa huku walipokuwa wakisafisha upya mashamba ya baba zao.

Mkeka uliondoka taratibu. Kriketi ya kimataifa ilitaka nyasi, na viwanja vikubwa vya vitongoji vya Nairobi vikazipanda. Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan aliifikia mikimbio mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Hapo hapo, Februari 2003, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa watano, na safari ya Kenya ikaishia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nilishangilia kama wengine.

Lakini nyasi hazikunjwi. Kipande kilichotunzwa miezi kadhaa hakiwezi kukabidhiwa watu ishirini na wawili wenye njumu, kwa hiyo kamba huzungushwa, mlinzi huwekwa, na soka hutafuta pengine. Mkeka wa usumba, uliotandikwa na klabu zilizobaguana, uliweza kuwapisha wengine kila ulipokunjwa. Nyasi, zilizokuja milango ya klabu ilipofunguliwa kwa wote, hazipishi mtu.

Kasigau maji huteremka kutoka mlimani kwa mabomba, na yakifika kijijini yana foleni ya madumu ya njano. Hakuna wa kuyamwaga katikati ya uwanja. Jumamosi asubuhi kijana mmoja hufika pale na tawi la mti, akafagia mavi ya mbuzi kutoka kwenye duara la kati, akafukia nyayo za ndovu kwa kisigino, kisha akaenda kuomba jivu nyumba ya karibu.