Linda Pikipiki ya Jamaa Yako

Katika jiji la Kampala, pikipiki ni shamba la wasio na shamba. Kuna askari anunuaye moja kwa mkopo wa chama cha akiba, kama Wazalendo cha wanajeshi au Exodus cha polisi, ili ndugu aiendeshe bodaboda na watoto wapate karo. Ikiibwa, mapato hukoma, lakini deni hubaki na mshahara huendelea kukatwa.

Kufuli ya usukani pekee haitoshi, kwani huvunjwa kwa nguvu za mikono. Yafaa mnyororo mnene upitishwe katika gurudumu na fremu, kisha ufungwe kwenye nguzo.

Mama wa nyumba naye aandike daftarini namba ya injini na ya fremu. Mwaka 2023 Uganda ilianza kutoa vibao vya namba vya kielektroniki. Hata hivyo, kibao huweza kung'olewa. Namba zilizochongwa katika chuma ndizo zitakazomtambulisha mwenyewe mbele ya polisi.

Na dereva akivamiwa usiku, aiache pikipiki. Deni hulipika, uhai haukopeshwi. Mali bila daftari hupotea bila habari.