Kugandisha mayai ya uzazi: njia mbili zisizolingana

Mwalimu mmoja wa umri wa miaka 31, ambaye hajaolewa, alikuja kwangu akiwa na barua ya hospitali. Alikuwa na saratani ya matiti na angeanza kutiwa dawa baada ya wiki tatu. Swali lake halikuhusu titi. "Daktari, nimeambiwa dawa hizi huenda zikaua mayai yangu ya uzazi. Nikiyagandisha kwanza, yatabaki mazima?"

Hilo hutegemea sana jinsi yanavyogandishwa.

Yai la mwanamke ndilo seli kubwa kuliko zote mwilini, nalo limejaa maji. Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua yanayotokea. Katika yai, barafu hufanya chembe kali zinazotoboa ngozi yake na kukata nyuzi nyembamba zinazopanga kromosomu.

Njia ya zamani ni ya polepole. Yai hulowekwa katika dawa ya kuzuia barafu, kisha mashine hulipoza kwa takriban thuluthi moja ya digrii kila dakika ili maji yatoke taratibu. Mwishowe hutumbukizwa katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri. Ni kwa kupoza polepole ambapo Dkt Christopher Chen wa Australia alitangaza mwaka 1986 mimba ya kwanza kutokana na mayai yaliyogandishwa. Hata hivyo, mayai mengi yaliharibika, na kwa miaka mingi madaktari walisita kuipendekeza.

Njia ya pili huitwa vitrifikesheni. Dawa huwa kali zaidi, na yai huwekwa pamoja na tone dogo mno kwenye utepe mwembamba wa plastiki, likatumbukizwa papo hapo. Baridi hushuka kwa maelfu ya digrii kwa dakika, hata maji hayapati nafasi ya kuwa barafu. Huwa kama kioo. Katika maabara nzuri, mayai manane au tisa kati ya 10 huyeyushwa yakiwa salama. Kwa njia ya polepole aghalabu ni sita au saba. Mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kilitamka kwamba kugandisha mayai si jaribio tena.

Lakini dawa hiyo kali ni sumu yai likikawia ndani yake, kwa hivyo mkono wa mtaalamu una uzito kuliko mashine. Mwulize ameyeyusha mayai mangapi, na watoto wangapi wamezaliwa. Asiyetaka kujibu, mwache.

Tena, yai kupona si sawa na kupata mtoto. Gamba lake huwa gumu, hivyo mbegu ya kiume hudungwa ndani kwa sindano, na mengine hayatungi mimba. Nalo yai la mwanamke wa miaka 40 litabaki la miaka 40, hata ligandishwe kwa ustadi gani.

Mwalimu wetu alikuwa na muda. Sindano za kukuza mayai huchukua takriban siku 10 hadi 14, na siku hizi si lazima kungoja hedhi. Huongezewa letrozoli ili homoni ya estrojeni isipande mno. Nilimwandikia daktari wake wa saratani siku iyo hiyo. Yalipatikana mayai 11, yakagandishwa kwa vitrifikesheni, na dawa zikaanza tarehe ile ile iliyopangwa. Kilichomshtua ni ada ya kuyahifadhi, ambayo hulipwa kila mwaka. Hakuna aliyekuwa amemtajia.