Karanga zachukua nafasi ya nazi katika mchuzi wa samaki

Mchuzi mzito wa samaki si lazima uwe na nazi. Huko Bahia, Brazil, mchuzi uitwao moqueca hupikwa kwa tui na mafuta ya mawese. Pwani ya Tanzania nako hutumia tui. Lakini Dodoma nazi hutoka mbali, wakati karanga hulimwa mkoani humo na perege huvuliwa katika Bwawa la Mtera, mpakani na Iringa.

Mpishi hukaanga samaki, huunga kitunguu na nyanya kwa mafuta ya alizeti, kisha humimina karanga zilizokaangwa, kutwangwa na kukorogwa katika maji. Mchuzi huchemka kwa moto mdogo huku ukikorogwa usishike chini. Samaki hurudishwa mwishoni wasivunjike.

La kuzingatia ni ubora wa karanga. Zilizoota ukungu, kusinyaa au kubadilika rangi zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwa kwenye mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mkulima anayeanika karanga juu ya turubai na kuzichambua kabla ya kuuza hulinda walaji na soko lake.