Fundi Asiyekamatika

Ukishuka mwendokasi kituo cha Jangwani ukaelekea Upanga, hutachoka sana kabla hujafika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Hadithi ya leo, wajukuu, inatoka kwenye jipu la mtoto yeyote wa mtaa wetu na kuishia kwenye maabara za hospitali kama ile. Mhusika wake mkuu hamjawahi kumwona, ingawa baadhi yenu mmekuja naye hapa mmembeba puani.

Anaitwa stafilokokasi oriasi. Jina refu hilo, tumwite Stafi. Ni bakteria wa duara, na wenzake elfu moja wakijipanga mstari mmoja ndipo wanafikisha milimita moja. Takriban watu watatu kati ya kumi wenye afya njema hukaa naye puani bila ugomvi wowote. Ugomvi huanza akipata mlango: mkwaruzo wa mpirani, kidonda kilichoachwa wazi, jipu lililobinywa kwa kucha chafu. Akipenya mpaka kwenye damu, hapo si jipu tena. Damu humfikisha kwenye mapafu, kwenye mifupa, hata kwenye valvu za moyo.

Zamani, hilo lilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mwaka 1941 madaktari wa hospitali moja ya Boston, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 122 walioingiwa na Stafi kwenye damu. Asilimia 82 walifariki. Mwaka huohuo huko Oxford, Uingereza, polisi Albert Alexander alikuwa hoi, Stafi na mwenzake streptokokasi wakimla usoni. Februari 12 akachomwa dawa mpya kabisa, penisilini. Homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno, hata ikabidi waikamue kutoka kwenye mkojo wake na kumrudishia. Ilipokwisha, ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Alikufa Machi 15.

Baadaye viwanda viliweza kutengeneza penisilini kwa wingi, na watu wakadhani kazi imekwisha. Stafi hakuwa na habari hiyo. Kwanza alitoa kimeng'enya cha kuikata penisilini. Wataalamu wakaunda methisilini, isiyokatwa na kimeng'enya hicho, ikaanza kutumika mwaka 1959. Mwaka 1961 Patricia Jevons, mtafiti wa Uingereza, akatangaza kwamba amempata Stafi asiyeijali hata hiyo.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye utamu. Mwili wa Stafi una ukuta, na ukuta huo hujengwa na fundi wake wa ndani kila anapokua. Penisilini na ndugu zake, kama amoksilini na kloksasilini, humkamata fundi huyo mikono. Ukuta usipojengwa hupasuka, na Stafi hufa. Sasa wapo Stafi wenye jeni iitwayo mecA. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kiumbe, na maagizo ya mecA yanasema: tengeneza fundi mwingine, ambaye mikono yake dawa haiwezi kuishika. Dawa inamfunga fundi wa kwanza, wa pili anaendelea kujenga. Kibaya zaidi, mecA imekaa kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine.

Wala msidhani hila za namna hii zilibuniwa hospitalini. Mwaka 2022 wanasayansi walieleza kwamba jeni iliyo ndugu ya mecA, iitwayo mecC, ilikuwapo kwa Stafi wa kalunguyeye wa Ulaya tangu miaka ya 1800, kabla penisilini haijagunduliwa. Kwenye ngozi ya kalunguyeye huota ukungu unaotoa kemikali za jamii ya penisilini, na Stafi alijifunza kuishi na jirani huyo. Sisi tumempa tu sababu ya kuenea.

Je, jeni ya mecA inaua? Mimi nasema jeni haina meno. Inachoiba ni muda.

Kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti walichukua damu ya watoto waliolazwa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi, wenye umri usiozidi miaka saba. Katika mara 1,828 walizolazwa watoto, karibu 14 katika kila 100 damu ilikutwa na vimelea, Stafi akiwa miongoni mwao. Si yeye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kundi lake lilichukua asilimia 16.7 ya watoto waliougua nalo, wakati kundi la akina Klebsiella na E. koli lilichukua asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha malaria. Lakini tazameni hili: miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kufa lilikuwamo la mtoto kupewa dawa ambayo vimelea vyake vimeshaizoea.

Daktari hawezi kujua kwa macho kama vimelea vimeizoea dawa. Damu inaoteshwa kwenye chupa yenye joto la mwili, siku moja au mbili. Kikiota kitu, hupakwa kwenye sahani na kuwekewa vikaratasi vyenye dawa, kisha husubiriwa mpaka kesho yake. Kwa Stafi hutumika kikaratasi cha sefoksitini: mtaalamu hupima kwa rula duara ambalo bakteria hawakuota, na likiwa milimita 21 au pungufu, fundi wa pili yumo. Siku zote hizo mgonjwa anatibiwa kwa kukisia. Hata jibu likitoka, dawa inayobaki mara nyingi ni vankomisini ya kupitia mshipani, ambayo humwua Stafi polepole kuliko kloksasilini inavyomwua Stafi wa kawaida.

Mwaka 2019 pekee, Stafi huyu sugu alisababisha vifo zaidi ya 100,000 duniani.

Basi jipu msilibinye. Mkitumwa duka la dawa mkachukue vidonge vinne vya rangi mbili vya kuua bakteria bila cheti cha daktari, rudini mkamwambie aliyewatuma kwamba babu amekataza. Na siku mkilazwa na homa kali, nesi akaja na chupa ya kuotesha damu kabla ya sindano ya dawa, mpeni mkono.