Bamba la Tela Likae Wapi?

Wiki hii nilikuwa Mlingotini, kwa wakulima wa mwani kule Bagamoyo. Nilimkuta kijana anataka kuchomelea kwenye bodi ya pikapu bamba la kubeba shingo ya tela, kama lile la semi-trela. Aliliweka nyuma kabisa.

"Ili nikikata kona tela lisiguse kebini, mzee," alinijibu.

Wazo lake si baya, lakini ekseli ya nyuma ni kama jiwe chini ya ubao wanaochezea watoto: ukikandamiza ncha moja, ya pili inanyanyuka. Tuseme kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3, na shingo ya tela inakandamiza kilo 500. Bamba likiwa sentimita 60 nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 100 na ya nyuma yanabeba 600. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa, zinakosa mshiko. Hebu fikiria mvua ikinyesha.

Basi likae juu ya ekseli, au sentimita chache mbele yake. Kisha pima kutoka pini ya tela hadi kona yake ya mbele. Kutoka bamba hadi kebini pawe parefu kuliko hapo. Pikapu ya bodi fupi mara nyingi haina nafasi hiyo, na mwenye nayo mimi ningemwambia aache. Tena bamba lifungwe kwa bolti hadi kwenye chesisi. Bati la bodi litachanika.

Kijana alizima mashine, akaomba kamba ya kupimia.