Chanjo ya kuku: kazi ya fundi huanza ndani ya yai

Ugonjwa wa Newcastle, ambao Watanzania huuita kideri, unaweza kumaliza karibu kuku wote wa kijiji kwa siku chache. Kwa familia nyingi za Kivu, kuku ndio pesa za masomo na za hospitali. Dawa ya kuuponya haipo. Kinga ni chanjo.

Huko Kibaha, Tanzania, chanjo ya I-2 hutengenezwa katika mayai. Fundi huchukua mayai yaliyokaa kwenye joto siku 9 au 10, huyamulika kwa taa kuona kama kifaranga yuko hai, hutoboa ganda na kuingiza virusi visivyo na ukali. Huziba tundu kwa nta. Baada ya siku 4 kwenye joto, mayai hulala ndani ya frigo, kisha fundi hukusanya maji yanayomzunguka kifaranga, ambamo virusi vimeongezeka.

Uchafu kidogo unaweza kuharibu fungu zima, ndiyo maana kila fungu hupimwa kabla ya kutumwa.

Kwa mfugaji, kazi hiyo yote hufika kama tone moja katika jicho la kuku, kila miezi 3 au 4. Achanje mapema: kuku aliyekwisha kuugua, chanjo haimwokoi.