Sura ya Utambulisho Inyumbukayo katika Sherehe za Tuzo za Kitaaluma

Nembo ni neno lililozoeleka, nalo hutumiwa mara nyingi kana kwamba ndilo jambo zima. Idara itakapo kuandaa sherehe ya kila mwaka ya kuwatuza wanazuoni humtafuta mchoraji achore nembo, kisha nembo hiyo hubandikwa juu ya mwaliko, cheti na bango. Lakini nembo ni sehemu tu ya sura ya utambulisho. Sura yenyewe ni jumla ya kanuni: rangi zipi zitumike, herufi ziwe za umbo gani, nafasi ipi iachwe tupu, na jina la mshindi likae wapi. Nayo huwa yanyumbuka pale kanuni hizo zinapotenga yasiyobadilika kamwe na yale yapasayo kubadilika kila mwaka. Mwanaisimu hatashangaa, kwani hiyo ndiyo habari ya mzizi na viambishi vyake.

Mfano ulio wazi ni Tuzo za Nobel, zilizoanza kutolewa mwaka 1901 na ambazo hukabidhiwa Desemba 10, tarehe aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896. Medali za fizikia, kemia, tiba na fasihi zilisanifiwa na Erik Lindberg. Uso mmoja wa medali una sura ya Nobel. Uso wa pili hufuata taaluma: ule wa fasihi una kijana aketiye chini ya mti, akiusikiliza na kuuandika wimbo wa mungu-mke wa sanaa, ule wa tiba una mtu akingaye maji yatokayo mwambani ili kumtuliza kiu msichana mgonjwa. Chini ya picha pana kibao kidogo cha jina. Katika fasihi, kibao hicho kilimtosha Mo Yan mwaka 2012, na kikamtosha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mwaka 2021. Pamoja na medali mshindi hupewa cheti, na hapa utaratibu wageuka kabisa, kwa kuwa kila cheti ni kazi ya pekee ya mchoraji na mwandishi wa hati. Basi mkono mmoja hupokea kitu kisichobadilika, na mwingine hupokea kisichopata kutokea tena.

Kunyumbuka bila kiasi nako kuna hasara. Mwaka 2011 Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata nembo iliyoweza kuzalishwa na kompyuta katika maumbo yapatayo 40,000, ili kila mtu awe na lake. Lilikuwa wazo la kuvutia, lakini kufikia mwaka 2014 ilikwisha kuwekwa nembo nyingine, iliyojengwa juu ya mraba wa visanduku saba kwa saba, ambamo kila kikundi cha utafiti kilichorewa alama yake. Mzizi ulikuwa umerudishwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna haja ya kwenda mbali. Kanga ina pindo, mji na jina. Mpangilio huo haubadiliki, ilhali nakshi, rangi na maneno hubadilika kila toleo, na hakuna mtu awezaye kuiona kanga mpya akadhani ni kitambaa kingine.

Hata hivyo tatizo kubwa la idara za Kiswahili haliko katika picha bali katika maneno. Vyeti vingi huundwa kwa kigezo cha Kiingereza, Kiswahili kikaja kupachikwa baadaye. Kigezo chenye pengo la kujazwa hufaa lugha isiyo na upatanisho wa ngeli. Katika Kiswahili, pengo katika "Tuzo ya ____ Bora" halina taabu, kwa sababu neno bora halichukui kiambishi: tasnifu bora, kitabu bora, shairi bora. Lakini "Tuzo ya ____ cha Kwanza" hukubali kitabu na kukataa shairi, ambalo hudai la, na utenzi, ambao hudai wa. Vivyo hivyo tuzo ikigawanywa kati ya wawili, ametunukiwa sharti liwe wametunukiwa, na mstari hurefuka. (Heri iliyopo ni kwamba Kiswahili hakiulizi kama mshindi ni mwanamume au mwanamke.) Kwa hiyo mtu wa lugha hana budi kuketi na msanifu kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, wala si baada ya karatasi kutoka kiwandani.

Kukata maneno mwishoni mwa mstari ni jambo jingine liachiwalo mashine. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Mwandishi hukatwa mwa-ndi-shi, na mashine iliyofunzwa Kiingereza itakata mwan-dishi. Kosa hilo likiwa katika herufi kubwa za bango, mbele ya ukumbi uliojaa walimu wa lugha, halifichiki.

Tena kuna hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyohifadhi tenzi za kale na ambayo hata majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwayo. Idara ikimtuza mhariri wa miswada hiyo itapenda jina la kazi yake lionekane katika hati yake, kutoka kulia kwenda kushoto. Kigezo kilichoegemeza kila kitu upande wa kushoto kitaipinga hati hiyo. Pindo lizungukalo pande zote nne, kama la kanga, halimwelekezi msomaji aanzie wapi, na hati zote mbili hukaa ndani yake bila moja kuonekana mgeni.